Zilipendwa za Kijapani: zilipendwa na nani, na lini?

Mpwa wangu kanunua Toyota IST iliyoshushwa bandarini ikitoka Japani, na kama yalivyo magari hayo, ukiwasha tu kuna dada anakusemesha Kijapani. Fundi mmoja alimwambia ni salamu. Salamu gani! Dada analalamika kwamba kadi ya kulipia barabara za kasi haijachomekwa, na ataendelea kulalamika mpaka gari life, maana kadi yenyewe haina kazi Mbagala.

Jumapili moja alinipitia twende harusini Bagamoyo. Hatujafika Tegeta, akaunganisha simu na redio ya gari, na wimbo wa Kijapani ukaanza: besi nene, gitaa la kuchekacheka, sauti ya mwanamke asiye na haraka. "Hizi ndizo zilipendwa zao, anko," akaniambia. "Miaka ya themanini, walipokuwa na hela za kumwaga. Huu ulikuwa namba moja nchi nzima."

Wimbo ulikuwa Plastic Love wa Mariya Takeuchi. Katika yale aliyosema, la kwanza ni nusu kweli, la pili limekosea miaka, la tatu si kweli kabisa. Simlaumu. Video fupi za mitandaoni zinarudia hayo hayo kila siku, huku nyuma kukiwa na katuni ya msichana anayetazama taa za jiji usiku. Foleni ilikuwa ndefu, nikapata muda wa kulifumua fundo.

Kwanza majina, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapopotelea.

Wajapani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wao. Showa ni enzi ya Mfalme Hirohito, kuanzia 1926 hadi alipofariki Januari 1989. Mjapani akisema kitu ni "cha Showa", ni kama sisi tunaposema "enzi za Mwalimu": mwaka hautajwi, lakini kila mtu anajua unasemea nini. Nyimbo zilizopendwa na umma katika enzi hiyo zinaitwa kayokyoku. Mara nyingi mtunzi wa maneno alikuwa wake, mtunzi wa muziki wake, na mwimbaji wake, kama nyumba ambayo mjenzi, mpiga plasta na mpaka rangi hawafanani hata kwa sura. Ndani ya kayokyoku kulikuwa na enka, nyimbo za huzuni zenye sauti ya kutetemeka ambazo wazee wanazihusudu, na kulikuwa na nyimbo za aidoru, vijana wadogo waliotafutwa na kampuni, wakafundwa kuimba, kuchekea kamera na kuvaa.

Siti popu, jina wanalobandikwa Plastic Love na wenzake, ni jina jingine. Wenyewe hutamka shiti poppu, maana yake popu ya mjini. Maneno ya namna hiyo yalikuwepo kwenye matangazo ya wauza santuri miaka ya 1970 na 1980, lakini hakikuwa chama chenye kadi za uanachama. Hakuna mwanamuziki aliyeamka asubuhi akasema leo natunga siti popu. Mipaka iliyo wazi ya aina hii ya muziki imechorwa baadaye sana, na kwa sehemu kubwa wachoraji walikuwa wageni.

Na J-pop, yaani popu ya Kijapani? Jina hilo limehusishwa na J-WAVE, redio ya Tokyo iliyoanza kurusha matangazo Oktoba 1988. Kwa hiyo ukiita wimbo wa 1980 J-pop, utaeleweka, ila ni sawa na kuita Marijani Rajab msanii wa Bongo Fleva.

Sasa muziki wenyewe. Chukua bendi ya dansi unayoijua: gitaa la solo, la rithim, besi, ngoma, matarumbeta. Vyombo ni vile vile. Tofauti iko kwenye kodi, si ile ya serikali wala ya nyumba, bali noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja. Kodi ya kawaida ina noti tatu, na ukiisikia inakwambia papo hapo kama kuna furaha au msiba. Hawa waliongeza noti ya nne, pengine na ya tano, kama walivyosikia kwenye soul na jazz za Wamarekani weusi. Ni wali mweupe na pilau: mchele mmoja, lakini kwenye pilau huwezi kunyoosha kidole ukasema hapa ndipo mdalasini ulipoishia, iliki ikaanza. Ndiyo sababu nyimbo hizi zinachanganya mwili. Mguu unataka kucheza, kifua kinataka kulia. Plastic Love yenyewe, ukisikiliza besi, utadhani ni sherehe. Maneno yake ni ya mwanamke aliyeumizwa na mapenzi, sasa anayachezea kama karata ili asiumie tena.

Walioanzisha mambo haya walikuwa vijana waliokesha wakichunguza santuri za Kimarekani. Tatsuro Yamashita na Taeko Ohnuki walikuwa na bendi iliyoitwa Sugar Babe. Ilitoa albamu moja tu, Songs, mwaka 1975, na mwaka uliofuata ikavunjika. Yamashita akaenda kurekodi albamu yake ya kwanza akiwa peke yake, Circus Town, katika studio za New York na Los Angeles, kuufuata muziki ule kwenye chimbuko lake. Eiichi Ohtaki, aliyeitoa ile albamu ya Sugar Babe kupitia lebo yake ya Niagara, alikuja na A Long Vacation mwaka 1981. Jalada lake lilichorwa na Hiroshi Nagai: bwawa la kuogelea, mitende, anga ya samawati isiyo na doa, na hakuna mtu hata mmoja. Litazame vizuri jalada hilo. Tokyo haipo. Ule "mji" wa popu ya mjini ni nusu Tokyo na nusu Marekani ya kuwaza, ya pwani ya magharibi, ambayo wasikilizaji wengi hawakuwahi kuikanyaga.

Na walisikilizia wapi? Hapa ndipo gari la mpwa wangu linapoingia kwenye hadithi.

Redio ya IST yake haipandi juu ya 90. Wanaonunua magari ya Japani wote wanaijua karaha hiyo: stesheni unayoitaka iko 98 au 100 na kitu, mshale unagota 90. Redio si mbovu. Japani waliipangia FM yao masafa ya 76 hadi 90, tofauti na sehemu kubwa ya dunia, na redio ilitengenezwa kwa ajili ya huko. Tokyo FM iko 80.0. J-WAVE iko 81.3. Kile kipande cha redio tunachokiona hakina faida ndicho walichokuwa wakikisikiliza wenzetu wakirekodi nyimbo kwenye kanda.

Kurekodi kulikuwa kazi ya heshima. Kulikuwa na magazeti maalumu ya redio, mojawapo FM Station lililoanza 1981, yaliyochapa ratiba ya nyimbo zitakazopigwa ili msomaji ajue saa ngapi akae na kidole kwenye kitufe. Wanaokumbuka kungoja wimbo mbele ya redio kaseti, halafu mtangazaji akaongea juu ya kipande kitamu, wanajua kwa nini ratiba ile ilikuwa mali. Walkman ya Sony ilikuwa imeingia madukani Julai 1979, kwa hiyo kanda iliyojazwa usiku ilitembea na mtu kesho yake kwenye treni. Hata wimbo uliomtoa Yamashita kwa umma, Ride on Time wa 1980, ulipanda mpaka namba tatu baada ya kutumika kwenye tangazo la kanda za Maxell. Mwaka huo huo, Mitaka nje kidogo ya katikati ya Tokyo, likafunguliwa duka la kukodisha santuri. Unakodi kwa bei ndogo, unakwenda kunakili nyumbani, unarudisha. Maduka ya namna hiyo yakazagaa mpaka sheria ikabidi ibadilishwe 1984. Wale waliokuwa wakipeleka kanda tupu vibandani Kariakoo kurekodiwa nyimbo watatabasamu.

Nimeyaeleza haya kwa sababu moja: takwimu za mauzo ya wakati ule hazisemi kila kitu. Sasa turudi kwa Plastic Love.

Wimbo ulitoka Aprili 1984 ndani ya albamu Variety. Takeuchi alikuwa amepumzika kidogo, ameolewa na Yamashita mwaka 1982, na mume ndiye aliyeupanga muziki wote. Albamu ilishika namba moja kwenye Oricon, orodha ya mauzo ya muziki ya Japani. Karibu mwaka mzima baadaye, Machi 1985, wimbo ukatolewa peke yake kwenye santuri kubwa, ukaishia nafasi ya 86.

Themanini na sita. Hapo ndipo hadithi mbili za uongo zinapozaliwa. Wa kwanza wanasema ulikuwa namba moja, kwa kuwa wamechanganya wimbo na albamu. Wa pili, wanaojiona wajuzi zaidi, wanasema ulipuuzwa, ukafa, ukaja kufufuliwa na intaneti. Nao wamekosea. Waliokuwa wakiutaka wimbo walikuwa nao tayari kwenye albamu. Kuutoa peke yake mwaka mmoja baadaye kulikuwa kama kupitisha sinia la pilau kwa watu wanaotoka harusini. Haukuwa wimbo wa taifa, haukuwa yatima pia. Ulikuwa wimbo mzuri ndani ya albamu iliyonunuliwa sana, basi.

Kilichotokea miaka 33 baadaye hakihusiani sana na Japani. Mwaka 2017 mtu fulani aliupandisha YouTube, toleo la karibu dakika nane, akaubandika picha nyeusi na nyeupe ya Takeuchi anayecheka. Picha yenyewe si ya wimbo huo. Ilipigwa na Alan Levenson, Mmarekani, na ilitumika kwenye jalada la wimbo mwingine, Sweetest Music wa 1980. Mwishoni mwa 2018 mpigapicha alidai haki yake na video ikashushwa kwa muda, lakini kufikia hapo watu mamilioni walikuwa wameshakutana nao bila kuutafuta.

Bila kuutafuta: hapo ndipo penyewe. Kompyuta za YouTube hazina masikio. Zinafanya kazi kama mangi wa dukani aliyegundua kwamba wanaonunua majani ya chai huondoka na sukari. Hajui ladha ya chai yako, anajua tu mikono ya wateja inakwenda wapi. Aliyekuwa akisikiliza muziki wa taratibu wa kusomea au vipande vya zamani vilivyochanganywa upya na madijei aliletewa Takeuchi, akabaki, hakuruka, mangi akaandika daftarini, wateja wengine wa aina yake wakaletewa vile vile. Santuri zilizokuwa zinauzwa kwa bei ya kutupa kwenye maduka ya mitumba ya Tokyo zikaanza kutafutwa na wageni.

Kisha likaja janga la 2020, watu wamefungiwa ndani, na zamu ikawa ya Mayonaka no Door, yaani mlango wa usiku wa manane, ambao wengi wanauita Stay With Me. Miki Matsubara aliutoa Novemba 1979, akiwa bado hajatimiza miaka 20. Muziki wa Tetsuji Hayashi, maneno ya Yoshiko Miura. Oktoba 2020 Rainych, mwimbaji wa Indonesia, akauimba upya, na kufika Desemba toleo la asili lilikuwa kileleni mwa orodha ya Spotify ya nyimbo zinazosambaa kwa kasi duniani.

Kwenye TikTok kulikuwa na mchezo mmoja ambao mimi naona unaeleza jambo hili kuliko maelezo yangu. Vijana ambao mama zao ni Wajapani, wengi wamezaliwa na kukulia nje, walikuwa wanaupiga wimbo sebuleni bila kusema kitu, kamera ikimwelekea mama. Mama yuko na shughuli zake. Ngoma zinaingia. Mama anasimama. Uso unabadilika, mara yuko disko na ana miaka ishirini, anaimba kila neno. Mtoto anacheka nyuma ya simu. Wote wawili wanaupenda wimbo ule ule, ila mama anakumbuka na mtoto anawaza. Wajapani wana neno natsukashii, wanalisema kwa sauti pale kitu kinapowarudisha nyuma: harufu ya chumba, ladha ya peremende, wimbo. Mama alikuwa na haki nalo. Mtoto, sijui.

Matsubara mwenyewe hakuyaona. Alifariki kwa saratani mwaka 2004, akiwa na miaka 44. Kila nikisoma maoni ya watu wanaomwomba arudi jukwaani, naumia kidogo.

Mpwa wangu alikuwa kimya kwa muda. Halafu: "Sawa anko, lakini hela walikuwa nazo."

Walikuwa nazo. Japani ilikuwa ya pili kwa uchumi duniani, nyuma ya Marekani, tangu mwisho wa miaka ya 1960. Lakini hela "za kumwaga" zinazotajwa mitandaoni ni kitu mahsusi, uchumi wa povu. Septemba 1985, katika hoteli ya Plaza jijini New York, nchi tano tajiri zilikubaliana kuishusha thamani dola. Yen ikapanda, wauza nje wa Japani wakabanwa, benki kuu ikashusha riba ili kuwapoza. Mikopo ikawa rahisi, watu wakakimbilia viwanja na hisa, bei zikavimba kama povu la sabuni. Hisa za Tokyo zilifika kilele tarehe 29 Desemba 1989, kipimo cha Nikkei kikiwa 38,915. Baada ya hapo povu likapasuka.

Sasa panga nyimbo kwa miaka. Stay With Me, 1979. Ride on Time, 1980. A Long Vacation, 1981. For You ya Yamashita, 1982. Timely!! ya Anri, 1983. Variety, 1984. Zote zilikuwa madukani kabla mawaziri hawajakaa pale Plaza. Huu si muziki wa watu waliokuwa wanaogelea kwenye hela. Ni wa watu waliokuwa wanaikaribia hali nzuri, wana gari la kwanza, redio kaseti ya kwanza, na picha ya bwawa la kuogelea ukutani. Naona ndiyo maana una hamu ndani yake. Aliyekwisha kushiba haimbi hivyo.

Kuhusu zile katuni sitakaa sana. Wengi wanadhani nyimbo hizi zilitoka kwenye anime, yaani katuni za Kijapani. Picha zile zimebandikwa na mashabiki. Ni kweli Anri aliimba Cat's Eye ya 1983, wimbo wa katuni uliofika namba moja, na Matsubara naye aliwahi kuimbia katuni, lakini Plastic Love na Stay With Me hazina katuni yoyote.

Basi zilipendwa za Wajapani wenyewe, zile za kuimbwa na mama jikoni na shangazi kwenye karaoke, ni zipi? Nyingi ni za watu ambao video za usiku hazikutajii. Momoe Yamaguchi, aliyestaafu akiwa na miaka 21: Oktoba 1980, ukumbi wa Budokan, alimaliza kuimba, akalaza kipaza sauti cheupe sakafuni, akaondoka kwenda kuolewa, na hakurudi jukwaani. Seiko Matsuda, ambaye kati ya 1980 na 1988 alitoa nyimbo 24 mfululizo zilizofika namba moja. Mwanadada Akina Nakamori (Akina ni jina lake), mshindani wake. Na Hibari Misora, malkia wa tangu baada ya vita, ambaye wimbo wake wa mto unaotiririka ulitoka Januari 1989, siku nne baada ya Mfalme Hirohito kufariki. Yeye mwenyewe akafuata Juni mwaka huo huo. Ukimwuliza Mjapani wa umri wangu Showa iliisha vipi, usishangae akikuimbia huo.

Ila usijenge ukuta kati ya kundi hili na lile. Akai Sweet Pea, mmoja wa nyimbo za Seiko zinazopendwa zaidi, muziki wake ulitungwa na mwimbaji mwenzake Yumi Matsutoya kwa jina la bandia, na maneno ni ya Takashi Matsumoto, aliyekuwa mpiga ngoma wa Happy End, bendi moja na yule Ohtaki wa bwawa la kuogelea. Hayashi wa Stay With Me naye aliwatungia aidoru. Jikoni walikuwa wapishi wale wale, sahani tu ndizo zilizotofautiana. Kilichozitenganisha kwetu sisi ni nani kavujia kwenye intaneti na nani hakuvuja. Kampuni za Kijapani zilichelewa kuweka muziki wao mitandaoni, na Yamashita kwa miaka mingi alikuwa mgumu kuziachia albamu zake kwenye huduma hizo. Dunia ikakusanya ilichokiokota, ikakiita ndicho bora.

Na wakati mwingine inaokota vizuri. Juni 2024, kundi la NewJeans la Korea Kusini lilipiga siku mbili Tokyo Dome. Hanni, aliyezaliwa Australia mwaka 2004 kwa wazazi wenye asili ya Vietnam, akatoka peke yake na kuimba Aoi Sangosho, wimbo wa Seiko Matsuda wa 1980 kuhusu tumbawe la samawati. Video zake zikazunguka Japani nzima, na wimbo wa miaka 44 ukarudi kwenye orodha. Huyo hakuletwa na mangi wa YouTube. Waliomwandalia shoo walijua Wajapani wenyewe wanahifadhi nini.

Tulipofika Bagamoyo bibi harusi alikuwa ameshaingia. Wakati wa kurudi, usiku, nilimwomba mpwa azime simu, nikaisogeza redio mpaka 81.3. Mchakacho mtupu. Akanicheka.

Wiki iliyofuata alifunga kile kidude cha kubadilisha masafa kinachochomekwa kwenye waya wa antena, kwa sababu Simba na Yanga walikuwa wanacheza na stesheni anayoipenda iko juu ya 90. Dada wa kadi bado yupo.